Tupeane uzoefu: kamera ndogo iliyokurudishia hamu ya kupiga picha

Wakuu, hamjambo. Nilipiga picha za harusi hapa Lamu hadi kamera nikaiona jembe. Nikauza kila kitu. Mwaka huu nimepata Ricoh GR III ya mtumba, gramu 257 pamoja na betri, yaingia mfuko wa kanzu bila mtu kujua.

Haina zumu. Lenzi ni moja tu, pana, sawa na milimita 28, kwa hiyo ukitaka sura ya mtu ijae lazima umsogelee. Na mtu wa Lamu humsogelei kimyakimya: salamu, habari za nyumbani, watoto, kisha ndipo uombe ruhusa. Wengine hukataa, mnaongea tu mkaachana. Hapo ndipo hamu iliponirudia.

Kitu kingine, naitegesha umbali wa mita 2 mapema, nikibonyeza inanasa papo hapo. Vichochoro vya mtaa wa Langoni ni vyembamba. Punda akitokea na mifuko ya saruji, ukitoa simu utapata mkia.

Haya, nanyi leteni zenu.

Mwana wa Shela: Mimi niko na Fujifilm X100V. Hiyo yako haina tundu la kuchungulia, na jua la saa sita kwenye mchanga wa Shela skrini huioni kabisa. Yangu ina tundu, tena ina kichujio cha ndani cha kupunguza mwanga. Kubwa kidogo lakini, haiingii mfukoni.

Bi Mkomani: Sisi wapiga picha wanawake tuna yetu. Kwenye harusi za ndani ukitoa kamera kubwa, kina mama wote wanavuta leso. Kwa ndogo kama hiyo wananiita wenyewe: "Njoo piga mikono, sura usitie." Sasa nina picha za hina na piko tupu, vidole vya bibi harusi vimetanuliwa juu ya mto vikaukie. Sikuwahi kuzipenda picha zangu hivi, na hakuna aliyenilipa.

Mvuvi Malindi: Angalieni upepo wa kusi! GR III haina kinga ya maji wala vumbi, na lenzi inatoka na kurudi ndani, inaweza kuingia na mchanga. Kwenye mashua mimi siitoi hadi tufike. Jioni naifuta chumvi kwa kitambaa kikavu.

Asiyeshawishika: Pesa yote hiyo na simu ninayo?

Mwenye uzi: Ndugu yangu, simu ni nzuri. Ila mimi nikiishika, kabla sijapiga, kuna ujumbe wa mtu anadai pesa. Nishatoka kwenye picha.

Asiyeshawishika: Hapo umenipata. Betri je?

Mwenye uzi: Hapo ndipo penye kasoro, picha 200 hivi kwa chaji. Beba ya pili. Ila inachajiwa kwa waya wa USB-C, hivyo ukienda kijijini Matondoni kuwapiga picha mafundi wa majahazi, paua benki inatosha.