Tupeane uzoefu: Unamtambuaje nyuki-mwitu akiwa bado angani?

Ndugu zangu wa Nairobi, nyuki wetu si wa asali peke yao, na wengi hawatulii mtu akapata kuwakagua rangi. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza mwendo. Mnavu unapochanua kwangu Kasarani, huja nyuki mwenye mistari ya buluu tumboni, wa jenasi ya Amegilla, ambaye hupita kwa kasi akikatakata kona, husimama hewani mbele ya ua kwa kitambo kidogo, kisha hulikumbatia na kulitikisa kwa misuli ya mabawa hadi mvumo wake unapanda na kuwa mkali. Chavua ya mnavu, sawa na ya biringanya, hutokea kwenye vitundu vidogo nchani mwa chavulio, yaani sehemu ya ua inayobeba chavua, na mtikiso huo ndio unaoimwaga. Nyuki wa asali hatikisi ua namna hiyo. Nanyi mwenzenu mnanieleza nini?

Mkazi wa Karen: Kwetu wapo wale wakubwa weusi wanaotoboa boriti. Dume hushika eneo lake karibu na maua, akaelea papo hapo kwa muda mrefu na kumkimbiza kila apitaye, hata kipepeo. Watoto humwogopa bure, kwani dume wa nyuki hana mwiba. Jike hana mchezo huo: huenda moja kwa moja kwenye ua la pasheni kwa mvumo mzito.

Mfugaji, Ngong: Wadogo wasiodunga huwatambua mlangoni. Wanaporudi huyumbayumba mbele ya kijirija chao cha nta, vichwa vikielekea ndani, ndipo watue. Tafadhali msiwapulizie dawa mkiwaona kwenye ufa wa ukuta.

Mama wa mawaridi, Ruaka: Wangu hupita na kipande cha jani la waridi kilichokunjwa chini ya mwili. Kwenye mbaazi huinua tumbo, na chavua hubebwa hapo chini ya tumbo, si miguuni.

Mkazi wa Karen: Je, yule anayesimama hewani tuli kabisa, kisha anahama ghafla upande?

Mwanzisha mada: Mara nyingi huyo ni nzi wa maua, ingawa amevaa mistari ya nyuki. Akitua, angalia vipapasio: vya nzi huyo ni vifupi mno, na mabawa yake ni mawili tu, ilhali nyuki ana manne.