Mjadala: Je, ni halali kupanga safari ndefu ya baiskeli kwa kutegemea ukarimu wa watu usiowajua?

Swali hili linatokana na mazoea yaliyokwisha kuenea. Mtu mwenye uwezo wa kulipia malazi hufunga mizigo kwenye baiskeli, huvuka nchi kadhaa kwa miezi mingi, na katika bajeti yake, penye gharama ya malazi, huandika sifuri, kwa kuwa anatarajia kwamba kila jioni atapatikana mtu wa kumfungulia mlango. Wanaomtetea husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaompinga humwita mnyonyaji aliyejipaka vumbi la barabarani. Mimi nasimama upande wa wanaopinga, ingawa si kwa sababu ambazo wengi wao huzitoa.

Kwanza niwape watetezi haki yao. Baiskeli humweka msafiri katika hali ambayo mwenye gari haijui. Aliyebeba kilo 20 au 30 za mizigo huenda kilomita 60 hadi 100 kwa siku. Upepo ukivuma kutoka mbele au njia ikianza kupanda, umbali huo huweza kupungua kwa nusu, na jua likamchwea mahali ambapo hakukusudia kulala na ambapo hapana nyumba ya wageni. Hapo kubisha hodi ni haja ya kweli. Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwezi Aprili 1884 na kufika Yokohama Desemba 1886, akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, alianza safari yake na soksi, shati la akiba, koti la mvua lililomfaa pia kwa hema na matandiko, na bastola. Mizigo hiyo yatosha kuonyesha kwamba asingefika mbali bila watu wa njiani, na kwamba hata hivyo hakuwaamini wote. Dervla Murphy, aliyeendesha baiskeli kutoka Ireland hadi India mwaka 1963, naye alibeba bastola. Wanaotusimulia kwamba wasafiri wa zamani walijikabidhi mikononi mwa wenyeji bila shaka yoyote huiruka habari hiyo.

Ninachokipinga ni haja hiyo kugeuzwa kuwa mpango. Aliyechwewa njiani hana namna. Lakini aliyeketi nyumbani miezi kadhaa kabla ya kuondoka, akaamua kwamba gharama za kulala kwake zitabebwa na watu asiowajua, ambao baadhi yao ni maskini kuliko yeye, amekwisha kuwaamulia watu wengine jambo bila kuwauliza. Na mara nyingi watu hao hawawezi kukataa. Mgeni amesimama mlangoni, giza linaingia, majirani wanatazama, na aibu ya kumfukuza itabaki na mwenye nyumba muda mrefu baada ya baiskeli kuondoka. Najua jibu litakalotolewa: wenyeji hufurahi, hugombea hata nani ampokee mgeni. Sibishi kwamba wapo wengi wa namna hiyo. Ila furaha ya mwenyeji hujulikana baada ya kumpokea mgeni, na bajeti yenye sifuri iliandikwa kabla.

Watetezi pia hutaja kulipana fadhila: leo umenilaza, kesho nitamlaza mwingine. Hoja hiyo ina nguvu kwa Warmshowers, mtandao ulioanza mwaka 1993 ambamo waendesha baiskeli hukaribishana majumbani, kwa sababu kule mwenyeji amejiandikisha kwa hiari yake na anaweza kujibu kwamba juma hili hana nafasi. Nje ya utaratibu kama huo, fadhila hukwama mpakani. Msafiri mwenye pasipoti inayofunguliwa milango karibu kila mahali hulala kwa mtu ambaye, hata akipata nauli, atanyimwa viza ya kwenda kumtembelea mgeni wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu wetu huondoka alfajiri ya siku ya pili, na jembe hulikuta katika kila nyumba bila kulishika katika hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni sheria. Nchini China, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013, mgeni kutoka nje anayelala mahali ambapo si hoteli lazima aandikishwe polisi katika muda wa saa 24, ama na yeye mwenyewe au na aliyempokea. Mgeni asiyejua hilo hushukuru, hupiga picha na kuondoka. Anayebaki kuhojiwa ni mwenye nyumba, tena pengine kwa ushahidi wa picha ambayo mgeni wake ameiweka mtandaoni ikiwa na jina la kijiji.

Mwaka 1795 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitenganisha mambo mawili ambayo mjadala huu huyachanganya: haki ya mgeni ya kutotendewa kama adui anapoingia katika ardhi ya wengine, na madai ya kukaribishwa nyumbani, ambayo kwake hayakuwa haki na yalihitaji mapatano maalumu. Sioni sababu ya magurudumu mawili kuubadilisha mpaka huo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: msafiri abebe hema, chakula cha usiku na fedha za kulipia malazi panapokuwa na malazi, na akibisha hodi aombe maji na mahali pa kusimamisha hema tu. Ombi dogo la namna hiyo mtu hulikataa bila aibu, na akiamua mwenyewe kumkaribisha mgeni ndani, ukarimu huo ni wake kweli. Yupo atakayesema kwamba huo ni ujanja, kwa kuwa kila mwendesha baiskeli anajua kwamba aliyeomba uwanja huishia kupewa kitanda. Pengine. Tofauti ni kwamba siku ambayo kitanda hakikutolewa, mgeni huyo ana pa kulala na hana wa kumlaumu. Kuhusu kuacha fedha asubuhi, sijashawishika na upande wowote, maana wapo wanaoona kulipwa ni kutukanwa na wapo wanaozihitaji lakini hawawezi kuziomba. Ningependa wachangiaji waliowahi kupokea wageni, kuliko sisi tuliowahi kupokelewa, waanzie hapo.