Naomba ushauri: ninunue grafiksi kadi mpya au hii FSR ya kukuza picha inatosha kwa GTX 1650?

kona_ya_stesheni:

Wakuu habari za muda huu, naomba mnisaidie kabla sijatoa hela mfukoni maana ikishatoka hairudi.

Nina Dell OptiPlex 9020 ile ya keisi ya mnara, niliichukua mtumba Kariakoo. Prosesa i5-4590, RAM GB 8 kijiti kimoja, kadi ni GTX 1650 ya GB 4 ile isiyochomekwa waya wa umeme, na skrini ya kawaida tu ya 1080p. Mchana mashine inapiga kazi za stesheni, kutoa kopi na kuchapa barua za watu, usiku tukishafunga ndo nakaa na mdogo wangu tunacheza Red Dead Redemption 2. Yeye anasubiri matokeo ya form six na tumekubaliana tuimalize kabla hajaondoka nyumbani, kwa hiyo hili jambo kwangu lina uzito wake.

Shida ni kwamba porini tunapata fremu 38 mpaka 42 kwa sekunde, sio mbaya, ila tukiingia mji wa Saint Denis zinashuka mpaka 30 na inakwama kwama, farasi anakimbia unaona kabisa picha imesimama halafu imeruka mbele.

Nimedunduliza laki sita na nusu kwa miezi mingi. Dukani wananiambia kwa hiyo hela napata RTX 3050 ya GB 6. Juzi mteja wangu mmoja akaniambia usinunue kitu, ingia kwenye seting washa FSR, gemu inachorwa ndogo halafu inakuzwa, fremu zinapanda bure. Nikawasha nikaweka Performance, kweli zilipanda kule porini lakini picha ikawa ukungu mtupu, ndevu za Arthur, yule mhusika tunayemchezesha, zinachemka chemka na waya za simu kule mbali zinakatika vipande vipande.

Sasa naomba kuelewa, hii kukuza picha ni kitu cha kutegemea au najidanganya tu? Natanguliza shukrani.

Mzaramo_Asilia:

Mkuu chukua 3050 uachane na mateso. FSR ni plasta tu.

fundi_wa_pikseli:

Mkuu usikimbilie dukani, ngoja nikueleze inavyofanya kazi halafu utaamua mwenyewe.

Skrini ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, yani kadi yako inapaka rangi nukta zaidi ya milioni 2 kwa kila fremu. Ukiwasha FSR ukaweka Quality, gemu inachorwa kwa 1280 kwa 720, hizo ni nukta laki 9 na ushee, chini ya nusu ya kazi, halafu FSR ndo inajazia zilizobaki. Ukiweka Performance kama ulivyofanya wewe inachorwa kwa 960 kwa 540, robo tu ya nukta. Sasa hapo FSR inatakiwa ikisie robo tatu ya kile unachokiona, lazima ukungu uwepo.

Na hapa ndo watu wengi wanapotea. Video nyingi za kusifia hii teknolojia zimerekodiwa kwenye skrini za 4K, na kwenye 4K hata ukiweka Performance gemu bado inaanzia 1080p ambayo tayari ina taarifa za kutosha. Mwenye skrini ya 1080p akiiga seting ya mwenye 4K anaumia. Kwa skrini yako usishuke chini ya Quality, kabisa.

Kingine, FSR zinatofautiana. Ile ya kwanza ya mwaka 2021 ilikuwa inaangalia fremu moja tu na kuichonga kingo. Ya pili iliyotoka 2022, ambayo iliwekwa kwenye gemu yenu hii, RDR2, inachukua na fremu zilizopita ikiwa inajua kila kitu kimesogea kuelekea wapi, ndo maana ukuta na ardhi vinatoka vizuri sana. Inaposhindwa ni vitu vyembamba vinavyotikisika, nywele, majani, manyoya ya farasi, nyaya. Ulichokiona kwenye ndevu za Arthur ndo hicho.

Ila swali langu kubwa ni hili: nani anakuchelewesha, kadi au prosesa? Kukuza picha kunapunguza mzigo wa kadi TU. Kama anayechelewa ni prosesa hata ukichora gemu kwa ukubwa wa kadi ya posta fremu hazipandi, na hata hiyo 3050 ukiiweka hazipandi. Weka MSI Afterburner, ile programu ya kupima kadi, washa ionyeshe asilimia ya kadi na ya kila kori ya prosesa pembeni ya skrini. Simama sehemu moja porini usiguse kitu, andika namba, washa FSR Quality, andika tena. Halafu nenda Saint Denis ufanye hivyo hivyo. Leta majibu hapa.

Moi_Avenue_254:

Boss nakuomba kabla utoe pesa yoyote, hiyo kadi ikaguliwe ndani ya mashine ukiwa hapo hapo. Mimi duka fulani waliniuzia GTX 1050 Ti, boksi iko sawa, stika iko sawa, Windows inaisoma 1050 Ti, nikafika nyumbani gemu zinacheza vibaya kuliko kadi niliyotoa. Nikafungua GPU-Z, programu ya kusoma chipu ya kadi, nikaona imeandika FAKE mbele ya jina, kumbe ndani ni chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 imeandikwa upya programu yake. Nilirudi wakakataa kunijua. Sasa mimi natembea na GPU-Z kwa flashi, muuzaji akikataa niichomeke naondoka.

kona_ya_stesheni:

@Moi_Avenue_254 pole sana kaka, hilo nimelishika.

@fundi_wa_pikseli nimefanya kama ulivyosema, nimekaa mpaka saa 7 usiku nikiandika kwenye daftari la madeni.

Nje ya mji wa Valentine pale juu kwenye kilima, bila FSR: fremu 40, kadi asilimia 98, prosesa inacheza 70 mpaka 80. FSR Quality: fremu 51, kadi bado 97. Picha sio mbaya kabisa, ni tofauti na ile ya Performance, mdogo wangu hakujua kama nimebadilisha kitu mpaka nilipomwambia aangalie mkia wa farasi.

Saint Denis kwenye reli za tramu, bila FSR: fremu 31, kadi 61, kori zote nne za prosesa ziko 100 hazishuki. FSR Quality: fremu 31. Kadi ikashuka mpaka 47, fremu ziko pale pale. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea. RAM inaonyesha imetumika GB 7.6.

fundi_wa_pikseli:

Umeshapata jibu lako mkuu, na umeokoa hela.

Angalia hapo Saint Denis, kadi ina nafasi ya kupumua, inamsubiri prosesa amalize kuhesabu watu, mikokoteni na kila kinachotembea mjini. i5-4590 ina kori nne na nyuzi nne, yani inashika kazi nne tu kwa mpigo, RAM imejaa pomoni na ni kijiti kimoja kwa hiyo inapita njia moja badala ya mbili. Ukiweka 3050 hapo porini utafurahi, ila mjini utakuta 31 ile ile na laki sita na nusu imeondoka. Hata Rockstar wenyewe walioitengeneza, kwenye mahitaji waliyopendekeza ya gemu hii waliandika i7-4770K na RAM GB 12.

Uzuri wake bodi yako inapokea i7-4770 kwenye soketi hiyo hiyo, kori nne nyuzi nane. Tafuta ya mtumba isiyo na K mwisho wa jina, ongeza kijiti kingine cha DDR3 GB 8 kinachofanana na ulichonacho. 1650 ibaki, FSR Quality ibaki.

dada_wa_Chumbageni:

Naongezea, ukifungua kuweka prosesa safisha. Mashine iliyokaa stesheni inavuta vumbi la karatasi na unga wa tona, mimi ya ofisini kwetu nilipotoa feni ya prosesa nilikuta katikati ya yale mabati kumejaa vumbi limeshikamana kama sufi ya mto. Ilikuwa inafika digrii 90 ndani ya dakika kumi, nikapiga brashi nikabadilisha pesti ya kupitisha joto ikawa haivuki 70. Prosesa ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe na haikwambii.

Mzaramo_Asilia:

Sawa nimesoma vipimo na kwa Saint Denis nakubali, prosesa ndo tatizo. Ila tusimfiche mwenzetu upande wa pili. 3050 ina DLSS, ukuzaji picha wa NVIDIA wenyewe, na DLSS kwenye 1080p inapoanzia 720p inashika nywele na majani vizuri kuliko FSR 2. GTX 1650 japo ni ya 2019 na ni kizazi cha Turing kama ndugu zake RTX 20, haina tensor kori, zile kori za AI, kwa hiyo DLSS haitaipata maisha yake yote. Na gemu zinazokuja zinaanza kukataa kabisa, Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inadai kadi yenye ray tracing (kufuatilia miale ya mwanga) ndani yake, kima cha chini RTX 2060 SUPER. Hapo FSR haina cha kukusaidia.

fundi_wa_pikseli:

Hilo ni kweli mkuu na sibishi. Kama angesema anataka gemu za mwaka jana na huu ningemwambia aanze kuhesabu mashine nzima, sio kadi peke yake. Lakini jamaa anataka kumaliza RDR2 na mdogo wake. Na akija kununua kadi siku nyingine, 3050 ya GB 6 ndo inayomfaa kwa hiyo OptiPlex maana inakula wati 70 na inachukua umeme kwenye bodi. Asidanganyike na kadi yenye waya, pausaplai (kile kisanduku cha umeme) ya 9020 ni wati 290 na haina huo waya, na hata akinunua pausaplai ya kawaida plagi ya bodi ya Dell ni ya pini 8 sio 24, mpaka utafute adapta.

saa_nane_usiku:

Mbona hamjataja Lossless Scaling? Ni programu iko kwenye duka la Steam dola 7 hivi, inatengeneza fremu za katikati, 30 inakuwa 60 kwenye kadi yoyote.

fundi_wa_pikseli:

Naijua na naitumia. Kwa hali ya Saint Denis una pointi, kwa sababu kadi yake imebaki na nafasi na prosesa ndo imekwama, hizo fremu za kati zinatengenezwa na kadi. Lakini fremu ya kutengenezwa haisikii mkono wako, ukibonyeza kufyatua bunduki gemu bado inajibu kwa kasi ya 31, na kunaongezeka kuchelewa kidogo juu yake. Na pale picha inaposimama kabisa RAM ikijaa, hakuna fremu mbili za kuchomeka kitu katikati, mkwamo unabaki mkwamo. Aondoe mkwamo kwanza. Akishafika 45 ya uhakika ndo ajaribu, na gemu aiweke kwenye dirisha lisilo na mpaka, sio skrini nzima, la sivyo haishiki.

kona_ya_stesheni:

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa kulikuwa na msimu wa fomu za kujiunga vyuo stesheni ilijaa.

Nimepata i7-4770 kwa laki na ishirini, nikaitest kwa muuzaji palepale kabla ya kulipa kama alivyosema ndugu yangu wa Kenya, na kijiti cha RAM GB 8 elfu arobaini. Dada wa Chumbageni Mungu akubariki, nilivyotoa feni kweli nilikuta sufi, nilipiga picha ila aibu kuiweka hapa. Nimepaka pesti mpya, nikasasisha BIOS, ile programu ya bodi, kabla ya kubadilisha prosesa.

Kwenye reli zile zile za tramu, FSR Quality, fremu 44 mpaka 47, kadi imepanda 90, RAM imetumika GB 9 na kitu kwa hiyo ile 8 ilikuwa inabanwa kweli. Mkwamo umeisha, tumezunguka mji mzima usiku na mvua inanyesha na farasi hakuruka hata mara moja. Porini iko 52. Ile ngazi ya kukoleza picha iliyo chini ya FSR nimeiweka katikati, nikiipandisha sana majani yanang'aa kingo kama yamechorwa kwa kalamu. Waya za simu bado zinakatika kidogo ukizitazama, lakini lazima uzitafute.

Laki nne na tisini imerudi kwenye kibubu. Mdogo wangu matokeo yametoka, amepata, anaondoka mwezi wa kumi na tuko sura ya nne ya gemu.

Hiyo i5-4590 niliyotoa ni nzima, ipo kwenye bahasha na vile vidoti vya chini sijavigusa, mwenye OptiPlex ya i3 ya ofisi hapa Dar aje PM tuongee.

Moi_Avenue_254:

Hongera kwa huyo kijana boss. Umeitest kwa GPU-Z na hiyo 1650 ya kwako?

kona_ya_stesheni:

Nimeitest usiku huo huo nilipokusoma kaka. Chipu ni TU117, ile ya 1650 yenyewe, orijino.