Logi za nginx hazifiki mashine ya pili tangu Jumanne, naombeni msaada

KijanaWaMkomani: Salaam aleikum wanajamvi. Naangalia mfumo wa vyumba wa nyumba moja ya wageni hapa Lamu. Seva ni nginx (programu inayotoa kurasa za mfumo), logi zake, yaani kumbukumbu za nani kaingia na kafanya nini, nazirusha kwa syslog, njia ya kutumia logi, kwenda mashine ndogo ya rsyslog, programu ya kuzipokea, iliyo chumba kimoja na seva. Mwezi mzima zilifika vizuri. Tangu Jumanne, kimya. Mstari wangu:

`access_log syslog:server=192.168.1.20:514,tag=nginx_lamu combined;`

Tajiri anazitaka logi kesho asubuhi. Nimefikiria usiku huu nipige Debian, mfumo endeshi wa mashine hiyo, upya yaishe. Mnasemaje?

FundiKebo: Usifute kitu. nginx inatuma kwa UDP, ni kama kumpa salamu nahodha wa jahazi linalopita: ikifika imefika, isipofika hakuna wa kukurudishia jibu. Mimi niliwahi kuweka kistari cha kati kwenye tag, lile jina la kutambulisha logi, nginx ikagoma kuwaka kabisa. Inakubali herufi, namba na kistari cha chini tu. Siku mbili nazunguka, mke akadhani nina mwengine.

MzeeKusi: Hapo ni chumvi, mwanangu. Mimi niko Malindi, mita mia mbili kutoka baharini, kompyuta haimalizi miaka miwili. Fungua boksi utazame feni.

BintiLangoni: Mzee, feni haichagui logi za nginx peke yake. Kijana, kwenye mashine inayopokea endesha `tcpdump -ni any udp port 514`, ikuonyeshe paketi zinazoingia, halafu fungua ukurasa wowote wa mfumo. Unaona nini?

KijanaWaMkomani: Paketi zinaingia kama mvua ya masika, dada. Lakini faili ya logi, `/var/log/nginx.log`, haipo.

BintiLangoni: Haipo, au ipo tupu? Nani kaiondoa?

KijanaWaMkomani: Je, nikibadilisha niende TCP, ile inayongoja jibu, itasaidia?

BintiLangoni: syslog ya nginx haina TCP. Nimeuliza nani kaiondoa faili.

KijanaWaMkomani: Diski ilijaa. Jumanne usiku niko garini, nikaingia kwa simu, nikaifuta kwa `rm`. Cha ajabu `df`, kipimo cha diski, bado inasema 100%. Ndiyo maana nasema nipige upya, mashine imeharibika hii.

BintiLangoni: Haijaharibika. `rm` imeondoa jina, faili lenyewe bado rsyslog imelishika mkononi, na nafasi ya diski hairudi mpaka iliachie. Endesha `lsof +L1`, utaliona limeandikwa `(deleted)`. Siku nyingine tumia `truncate -s 0`, jina linabaki na nafasi inarudi. Dawa ya leo ni `systemctl kill -s HUP rsyslog`, itafunga la zamani na kufungua jipya. LAKINI SUBIRI. Ukiipa HUP au ukiiwasha upya sasa hivi, la zamani limekwenda. Kwanza chukua PID (namba ya rsyslog inayoendeshwa) na namba ya fd (ya faili iliyolishika) kutoka lsof, kisha `cp /proc/PID/fd/NAMBA` uweke kwenye flashi, maana diski haina nafasi. Logi zako zote mpaka pale diski ilipojaa zimo humo, na za Jumanne.

FundiKebo: Huyu dada apewe kahawa na halua.

KijanaWaMkomani: Nimekuelewa dada, lakini naona kazi ndefu. Tajiri hataki maelezo, anataka mfumo unaokwenda. Nikipiga upya nusu saa nimemaliza.

PundaMweupe: Ngojeni kwanza. "Niko garini." Mkomani? Vichochoro ambavyo mimi na punda tukikutana mmoja anarudi nyuma, gari lilipitia wapi?

KijanaWaMkomani: Gari lilikuwa Mokowe kaka, ng'ambo bara, nilifuata mizigo. Sikusema liko mjini.

PundaMweupe: Mwanzo tajiri anataka logi, sasa hataki logi. Hii chai, tena haina hata tangawizi. Au ni mtihani wa chuo tunafanyiwa kazi hapa.

NahodhaSimu: Au si chai, na huko ndani Jumanne usiku kuna kitu. Lakini tusimhukumu mtu. Mimi nilimkalia mpishi kooni wiki nzima kwa sababu logi zilionyesha mtu kaingia 18:40 akabadilisha bei ya vyumba, na yeye saa hiyo alikuwa zamu. Kumbe seva inasoma UTC, iko nyuma yetu saa tatu. Kweli ilikuwa saa tatu na dakika arobaini usiku, mpishi keshalala kwao Matondoni. Nilimpelekea kanzu kuomba radhi. Kaivaa, lakini hanisalimii.

MzeeKusi: Feni mmeangalia?

BintiLangoni: Kijana, tupe namba ya fd tukuandikie amri nzima. Dakika mbili tu.

KijanaWaMkomani: Dada, nishaiwasha upya rsyslog, nimemfuata FundiKebo. Logi zinaingia, `df` imeshuka 41%. Shukran sana, Mungu awalipe. Uzi ufungwe.

FundiKebo: Mimi? Neno langu la kwanza hapo juu ni "usifute kitu".

BintiLangoni: Na za Jumanne?

BintiLangoni: Kijana?

PundaMweupe: Yupo. Kitone chake cha kijani nakiona kinawaka.