Shule za grama za Grantham: zibaki zikichagua, au zipokee watoto wote?

MamaTunu_Lincs:
Habari za Jumapili wanajamvi. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Mji tunaoishi, Grantham huku Lincolnshire, England, una shule mbili za grama, yaani sekondari za serikali zinazochuja watoto kwa mtihani wa miaka 11. King's School ni ya wavulana, Kesteven and Grantham Girls' School ni ya wasichana. Ya wavulana ni ya kale hasa: Askofu Richard Foxe aliiwekea mali ya kuiendesha mwaka 1528, na kwenye kingo ya dirisha la jengo la zamani kuna jina la Isaac Newton limechongwa kwa kisu. Ya wasichana ilifunguliwa 1910, Margaret Thatcher, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, kasoma hapo na kawa kiranja mkuu. Ada hakuna. Ila mlango wake ni mafumbo ya maneno na ya maumbo, na ukipata chini ya 220 huhesabiwi kuwa umefaulu.

Binti yangu anafanya Septemba. Baba yake anasema hiyo ni elimu ya bure yenye hadhi ya kulipia, tuisheni iendelee. Mimi kila Jumamosi namwona mtoto wa miaka 10 amekaa mbele ya saa inayohesabu dakika, anang'ata ukosi wa sweta mpaka umelowa. Swali langu: shule hizi zibaki hivi, au zipokee watoto wote wa mji kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi hii?

Kisu_Kikali:
Zibaki. Mama, usimwonee huruma mtoto ukamharibia. Mimi ni zao la Ilboru, sekondari ya vipaji maalum kule Arusha, tulichujwa darasa la saba na hakuna aliyeng'ata sweta. Anayefaulu anaenda, kilaza anabaki na vilaza wenzake, maisha yanaendelea. Ndiyo maana Thatcher alizilinda shule hizi kufa na kupona, alijua zilivyomtoa kwenye duka la baba yake.

BiMkubwa_Leicester:
Wewe Kisu, hebu rudia hilo neno lako. Kilaza nani? Mwanangu wa pili alifanya mtihani huo huo, mji mwingine si huo, sitautaja. Alikosa kwa alama tatu. Barua ilikuja Oktoba, siku ya shule, akaisoma kabla sijarudi zamu. Nilimkuta kaikunja ndogo kama hirizi, kaiweka chini ya sahani. Hakula. Leo ni fundi wa lifti, na hizo ghorofa mnazopanda huko mjini mkakwama ndani, yeye ndiye anayekuja kuwatoa. Mkimwita kilaza, basi msimpigie simu. Pandeni ngazi.

Kisu_Kikali:
Bi Mkubwa shikamoo, sikumlenga mwanao. Lakini tuseme ukweli, kukosa ni kukosa.

BiMkubwa_Leicester:
Marahaba, na hiyo "lakini" yako irudishe mfukoni.

Msomi_Mchovu:
Nafundisha Kent, huku grama zimejaa kila mji, kwa hiyo navuta kiti. Mkuu Kisu, hapo kwa Thatcher umeteleza. Alikuwa Waziri wa Elimu 1970 hadi 1974, na kipindi chake ndicho grama nyingi zilipogeuzwa kuwa shule za wote. Halmashauri zilileta mapendekezo 3,612 na yeye alikataa 326 tu. Hakuna waziri aliyeidhinisha shule za wote nyingi kumpita huyo binti wa Grantham.

Kisu_Kikali:
Acha kutuzungusha. Waraka wa kufuta grama aliufuta yeye mwenyewe mara tu alipoingia ofisini. Nani hajui?

Msomi_Mchovu:
Aliufuta, sawa. Waraka 10/65 wa Crosland, waziri wa elimu wa chama cha Labour, ulikuwa unazitaka halmashauri zipeleke mipango ya kuchanganya watoto, wa Thatcher, 10/70, ukasema kila halmashauri iamue. Tatizo ni kwamba halmashauri nyingi, hata za chama chake, zilishaamua: wazazi wa tabaka la kati ambao watoto wao walikosa nafasi walishachoka. Kwa hiyo waraka ulifutwa na shule zikaendelea kugeuka. Yote mawili ni kweli.

Mtu_wa_Dagoretti:
Huyu Thatcher si ndiye alinyang'anya watoto maziwa ya shule? Nakumbuka mzee wangu akimtukana kwa redio.

Msomi_Mchovu:
Ndiye. 1971, watoto wa miaka 7 hadi 11 wakakatiwa maziwa ya bure. Jina la mnyang'anya maziwa halikumtoka maisha yake yote.

Mtu_wa_Dagoretti:
Enyewe sisi Rais Moi alitupea. Maziwa ya Nyayo! Pakiti ya pembetatu, unang'oa kona na meno. Wacha tu. Wakati Uingereza inanyima watoto wake, Kenya inagawa, 1979 ndiyo ilianza. Mwandike hiyo pia kwa historia yenu ya grama.

Dada_wa_Slough:
Jamani maziwa ya Nyayo! Mama yangu wa Kisumu hadi leo akiona pakiti ya aina hiyo anaguna.

Kisu_Kikali:
Sisi tulikunywa uji na tukafaulu.

Mtu_wa_Dagoretti:
Uji wa nini bro? Mlikuwa mnaletewa uji na serikali ama ni wa mama yako?

Kisu_Kikali:
Uji wa shule, wa mahindi, na kikombe unakuja nacho toka nyumbani. Ukisahau kikombe unanywea kifuniko cha mkebe. Sisi hatukulelewa kwa pembetatu.

Dada_wa_Slough:
Na yale maziwa yaliyochacha Ijumaa mnayakumbuka? Tulikuwa tunarushiana njiani kama mabomu.

MamaTunu_Lincs:
Nawaombeni mrudi kwenye mada. Nimeuliza habari ya mtihani, nimeletewa maziwa yaliyochacha.

Dada_wa_Slough:
Samahani mamii. Mimi nasema zibaki, na nina sababu. Mimi na mume wangu ni walezi wa wazee, tunapishana mlangoni, yeye anatoka mimi naingia. Binti yetu yupo grama mwaka wa tatu sasa. Nani angetuuzia elimu ile? Ila nisiwafiche, asubuhi ya mtihani niliona watoto wanashushwa na treni kutoka London, baba kabeba begi, mama kabeba penseli na ndizi. Kiti kimoja, watoto wangapi! Watoto wa mtaani kwangu wenyewe hawakujua hata kama kuna mtihani siku ile.

Msomi_Mchovu:
Hapo ndipo penyewe. Waziri Mkuu Theresa May alipotaka kufungua grama mpya 2016, hesabu ilikuwa wazi: wanafunzi wa grama waliokuwa wanapata chakula cha bure, kile cha familia zenye kipato kidogo, hawakufika 3 kati ya 100, kwenye sekondari kwa jumla walikuwa kama 13. Mpango ukafa baada ya uchaguzi wa 2017. Kufungua grama mpya ni marufuku tangu sheria ya 1998, zimebaki 163 England nzima.

Kisu_Kikali:
Maskini wasipofaulu kosa ni la mtihani? Akili mtu anazaliwa nayo. Kuna profesa wa Kiingereza alithibitisha kwa mapacha waliolelewa nyumba tofauti. Kamsome.

Msomi_Mchovu:
Cyril Burt huyo. Nimemsoma. Alikufa 1971, na miaka michache baadaye watu wakakagua takwimu za mapacha wake wakakuta namba zinafanana mpaka desimali ya tatu kila alipoongeza mapacha wapya. Wasomi bado wanagombana kama alighushi au alizembea, lakini anayejua mambo hawezi kusimama juu ya mapacha wale. Ungechagua profesa mwingine.

Kisu_Kikali:
Nyie walimu povu tu. Kwa nini wanaochukia grama ni wale waliofeli au waliofelisha?

Msomi_Mchovu:
Mkuu nimesoma grama mimi.

Kisu_Kikali:
Basi umepanda ngazi sasa unaivuta.

BiMkubwa_Leicester:
Kumbe unazijua ngazi. Mimi nauliza jambo moja tu, huyu Newton mnayemtaja, alifaulu mafumbo hayo?

Msomi_Mchovu:
Bi Mkubwa umegusa pazuri. Aliingia King's akiwa na miaka 12, hakukuwa na mtihani wa namna hii, ilikuwa Kilatini asubuhi Kilatini jioni. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alikuwa karibu na mkia wa darasa. Mwenzake aliyemtangulia kwa nafasi akampiga teke la tumbo, Newton akamsubiri baada ya masomo wakapigana, akamshinda, kisha akaapa kumpita na darasani. Akampita. Halafu mama yake akamtoa shule akachunge kondoo na kusimamia shamba Woolsthorpe, akashindwa kazi hiyo vibaya, mwalimu mkuu Henry Stokes ndiye aliyembembeleza mama amrudishe.

BiMkubwa_Leicester:
Kwa hiyo alikuwa kilaza mpaka alipopigwa teke. Kisu, nimekuelewa sasa.

Mtu_wa_Dagoretti:
Hahaha! Hiyo imeingia.

Kisu_Kikali:
Mnapotosha. Newton ni Newton, hata angesoma chini ya mwembe.

Dada_wa_Slough:
Mkuu, basi kama angefika hata chini ya mwembe, grama ya nini?

MamaTunu_Lincs:
Dada nimecheka peke yangu jikoni. Lakini naomba nielewe kitu. Kwa nini Grantham bado ina mtihani na Leicester kwa Bi Mkubwa hauna? Ni saa moja tu kwa gari.

Msomi_Mchovu:
Kwa sababu sheria ya 1944, ya Butler, ilifanya sekondari kuwa bure lakini haikuandika popote kwamba watoto wagawanywe kwa mtihani. Halmashauri ndizo ziligawa: grama kwa wachache, sekondari modeni kwa wengi, na shule za ufundi ambazo kwa sehemu kubwa hazikujengwa kabisa. Kilichoamuliwa na halmashauri kinavunjwa na halmashauri. Leicestershire walianza kuchanganya mapema, miaka ya 50. Lincolnshire walijikokota. Mwaka 1976 Labour wakaleta sheria ya kulazimisha, 1979 Thatcher akaingia Ikulu yao na kuifuta haraka. Waliojikokota wakapona.

Kisu_Kikali:
Ahaa! Kwa hiyo ALIZILINDA. Nilisema nini mimi post ya kwanza?

Msomi_Mchovu:
Zile zilizobaki, ndiyo. Baada ya kuidhinisha kufa kwa zile nyingine. Chukua nusu pointi.

Kisu_Kikali:
Naichukua. Na wananchi wenyewe wakiulizwa wanazitaka. Kuna mji walipiga kura, sikumbuki jina, zilishinda.

Msomi_Mchovu:
Ripon, Yorkshire, mwaka 2000. Kura 1,493 za kubakiza kwa 748. Ndiyo kura pekee ya wazazi iliyowahi kupigwa chini ya ile sheria ya 1998, inayowaruhusu kuamua grama ibaki au la.

Mtu_wa_Dagoretti:
Sisi Kenya KCPE, mtihani wa darasa la nane, tumeimaliza 2023 na jua bado linatoka. Watoto walikuwa wanabebwa juu juu na TV mlangoni, yule wa pili hakuna mtu anamjua. Msipige kura, fungeni tu.

Kisu_Kikali:
Nyie mmefuta mtihani mkaleta CBC, mtaala wa umilisi, wazazi wanakata makaratasi na gundi usiku kucha. Usitufundishe.

Mtu_wa_Dagoretti:
Usiguse CBC kama hujawahi kutafuta maganda ya ndizi saa nne usiku juu ya homework ya mtoi wa grade two.

Dada_wa_Slough:
Mama Tunu, hawa waache. Tuwekee fumbo moja tuone mtoto anachoulizwa.

MamaTunu_Lincs:
La karatasi ya Jumamosi siwezi kulinakili, ila ni mtindo huu, nawageuzia Kiswahili: kama PAKA inaandikwa QBLB, MBWA itaandikwaje? Mtoto anapewa chini ya dakika moja.

Kisu_Kikali:
Rahisi. NCYB. Inayofuata.

Dada_wa_Slough:
Mkuu.

Mtu_wa_Dagoretti:
Buda, hebu hesabu tena hiyo W.

Msomi_Mchovu:
NCXB. Kila herufi inasogea moja mbele. Baada ya W ni X.

BiMkubwa_Leicester:
Mimi sisemi kitu. Nimekaa tu.

Kisu_Kikali:
Nipo kwenye daladala, nimeshika bomba kwa mkono mmoja. Mazingira si rafiki.

Dada_wa_Slough:
Na wale watoto walioshushwa na treni saa moja asubuhi? Mazingira yao?

Kisu_Kikali:
Lete lingine.

MamaTunu_Lincs:
SAMAKI ni UCOCMK. WALI ni nini?

Mtu_wa_Dagoretti:
YCNK. Hiyo ni mbili mbele. Sasa mimi nauliza, kwa mtindo huo huo, MAZIWA inakuwaje? Hiyo Z inaenda wapi?

Msomi_Mchovu:
Z ikiisha unarudi A. Kwa hiyo mbili mbele...

Kisu_Kikali:
Usimpe! OCBKYC. Nimeshuka kituo kisicho changu, nimekaa kwenye benchi, nimeandika nyuma ya risiti. Bi Mkubwa umeona?

BiMkubwa_Leicester:
Nimeona, mwanangu. Mwaka ujao njoo ufanye mtihani, nauli nitakutumia.