Dawa ya kupuliza puani kwa ajili ya sonona: ulevi wake unakaa muda gani?

Chapakazi_Ohio:
Wakuu, habari za leo. Niko Columbus, Marekani. Nina sonona ya muda mrefu. Nilianza na sertralini, haikunisaidia. Nikabadilishiwa venlafaxini, dozi ikapandishwa, nikaambulia jasho na kukosa usingizi. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni, ya pili naiona nzito kama gunia. Sasa daktari ameniandikia Spravato, ya kupuliza puani. Bima imekubali, naanza Ijumaa. Naomba aliyeitumia aniambie kitu kimoja tu: ulevi wake unakaa masaa mangapi? Siulizi kama inafaa.

Mzee wa Urambo:
Pole kijana. Sisi tumelima tumbaku, tumezika watoto, na hatukuijua hiyo sonona. Rudi kwenye ibada. Ukipata nafasi njoo nyumbani hata mwezi mmoja, ulale kwa mama yako.

Ngosha Original:
Marekani hata huzuni inapuliziwa! Huku tunapulizia mbu tu.

BintiMaji:
Hiyo ni esketamini, imetokana na ketamini, ile ya nusu kaputi. Mimi niliwekewa ketamini nikiungwa mguu. Nilijiona niko darini nawatazama manesi kwa chini, na marehemu bibi ananiita jina la utotoni. Nilipozinduka nalia, mume akanishika mkono mpaka kunakucha. Huyo ni mume wa kwanza. Wa sasa hata homa akiona anaenda kuangalia mpira, ila hiyo nitaileta na uzi wake.

Nesi Mstaafu:
Mleta mada, mbona umeng'ang'ania masaa? Baada ya kupuliza utakaa hapohapo kliniki si chini ya masaa mawili, na hawakuachii mpaka waridhike. Ukitoka unakwenda wapi?

Chapakazi_Ohio:
Nyumbani, dada.

Nesi Mstaafu:
Nani anakuendesha? Na kazi yako ni nini?

Chapakazi_Ohio:
Haya, nasema. Naendesha semi, lori la trela. Miadi ni saa tano asubuhi, na saa kumi na mbili jioni nina mzigo wa Atlanta. Kliniki nimewaambia binamu atanifuata, gari langu nitaliegesha mtaa wa pili. Hapo katikati ni masaa saba, itakuwa imeisha. Nikikataa mzigo huu dispacha hanipi mwingine, na lori ni la mkopo. Mke wangu hajui. Akijua yeye, mama mkwe anajua, kisha ukoo mzima. Msinihukumu, nimeshapanga vizuri.

MkweliDaima:
Chai hii. ID ya juzi, lori, mke asiyejua, binamu wa kutunga. Halafu tangu lini dawa ya puani mtu akalindwa na nesi masaa mawili? Dawa ya mafua ya puani unanunua duka la dawa unaondoka nayo. Mods futeni.

Ngosha Original:
Chai ya maziwa kabisa. Ila endelea mkuu, tuko hapa.

Mama Wawili MN:
MkweliDaima, usibishe usichokijua. Mdogo wangu anaitumia huku Minneapolis. Marekani waliiruhusu Machi 2019 kwa sonona iliyoshinda angalau dawa mbili, na sharti la tangu mwanzo ni kwamba hupewi uende nayo nyumbani, kwa sababu ya usingizi mzito, kupotewa na fahamu za mahali ulipo, na watu kuigeuza ulevi. Kliniki yenyewe lazima iwe imethibitishwa. Mimi nimekaa naye kwenye kile chumba. Anapimwa presha kwanza. Siku ya kwanza alipewa vichupa viwili vya miligramu 28, akapuliza mwenyewe tundu hili na hili, akangoja dakika tano, akapuliza cha pili. Akakunja uso, maana inashuka kooni chungu. Baadaye kidogo akaniuliza kwa nini pazia linapumua. Dakika ya 40 presha ikapimwa tena, imepanda. Tulipofika nyumbani alilala mpaka usiku.
Chapakazi, wiki nne za mwanzo ni mara mbili kila wiki. Binamu wa uongo utamtoa wapi mara nane?

MkweliDaima:
Dawa nimekubali ipo. Huyu jamaa bado simwamini.

Nesi Mstaafu:
Basi tumjibu kama ni kweli, tusije tukazika. Kaka, masharti hayahesabu masaa saba. Yanasema usishike usukani mpaka kesho yake, ukiwa umelala usingizi wa kutosha. Semi iliyojaa inafika uzito wa pauni 80,000, na barabarani kuna watoto wa watu. Na nakuuliza waziwazi: unawaza kufa?

Chapakazi_Ohio:
Niliwaza zamani. Wiki hii hapana. Lakini dada, kazi ikikatika ndiyo nitawaza.

Nesi Mstaafu:
Mawazo hayo yakirudi piga 988, namba ya huko Marekani ya kusaidia wanaowaza kujiua, usiku au mchana. Na daktari mwambie ukweli kuhusu kazi yako, akupangie siku ambayo kesho yake hushiki lori. Siyo lazima iwe Ijumaa hii.

Mzee wa Urambo:
Kijana, mwambie mke. Mimi wangu alinificha presha mpaka ikamwangusha jikoni. Yale ya mwanzo niliyosema kuhusu sonona yaache kwanza.

Chapakazi_Ohio:
Shikamoo mzee. Kumwambia mke nitajaribu, ila mama mkwe wangu hamumjui. Mzigo nao ukirudishwa unaonekana kwenye rekodi.

Mpemba wa Ohio:
Sheikh, mimi niko Columbus hapahapa, nafanya kazi usiku, mchana niko huru. Ijumaa nakupeleka na nakungoja mpaka wakuachie. Njoo PM, na funguo za gari lako ziache nyumbani.

MkweliDaima:
Ukimkuta kweli yupo, rudi utuambie.

Chapakazi_Ohio:
Nimekutumia PM, ndugu. Dispacha bado sijampigia.