Mjadala: Wahamiaji wakiingia kazini, mshahara unashuka kweli au tunawasingizia?

Katibu wa Tawi

Wadau, tawi letu la chama cha wafanyakazi wa ujenzi linapiga kura wiki ijayo, na mimi ndiye nitakayeisoma hoja mbele ya watu. Hoja yenyewe: je, tuwape uanachama vibarua waliotoka nje ya nchi kupitia wakala, ambao wanalipwa chini ya kiwango tulichosaini na mwajiri? Nusu ya wanachama wanasema tukiwapokea tumeubariki ule ujira mdogo. Nusu nyingine wanasema tukiwafungia mlango ndipo tumeubariki zaidi. Mimi mwenyewe mguu mmoja ndani, mmoja nje. Naomba hoja, matusi wekeni kando. Na anayesema "utafiti unaonyesha" atutajie ni utafiti upi.

Nondo

Mkuu, mimi ni fundi, hayo ya utafiti waachie wenyewe. Ninachokijua ni hiki: miaka minane nyuma, kabla hatujapanda jukwaani kufunga nondo, tulikuwa tunakaa na mkandarasi tunapatana bei. Leo ukifungua mdomo anakunyooshea kidole getini. Pale nje kuna watu kama arobaini wamekaa juu ya ndoo, wengine hata lugha hatuelewani, na kila mmoja yuko tayari kuanza sasa hivi kwa chochote atakachopewa. Wenzangu wawili kibarua kimeshaota nyasi hivyo hivyo. Bidhaa ikijaa sokoni bei inashuka, na mkono wa kibarua nao ni bidhaa. Msinizungushe.

Mizani

Nondo, nianzie hapo kwenye bidhaa. Nyanya ikijaa sokoni hainunui nyanya nyingine. Mtu akija anapanga chumba, ananunua viatu, anapanda basi, na mwingine anapata kazi ya kumjengea, kumshonea na kumwendesha. Ndiyo maana hesabu ya soko la nyanya haikai sawa kwa watu.

Katibu ametaka majina, nayataja. Kati ya Aprili na Oktoba 1980 Wakuba wapatao 125,000 walivuka bahari kutoka bandari ya Mariel kwenda Florida. Wengi walibaki Miami, na nguvu kazi ya mji ule ikaongezeka kwa takriban asilimia 7 katika miezi michache. Kama Nondo yuko sahihi, hapo ndipo mishahara ingepaswa kuanguka chini. Mwaka 1990 mchumi David Card aliilinganisha Miami na miji mingine ya Marekani na hakuona mshahara wa watu wa kazi za chini ukishuka kwa sababu ya ujio ule.

Ila sitaki kuwadanganya kwamba mambo yaliishia pale. George Borjas, ambaye naye ni mzaliwa wa Cuba, alirudi kwenye takwimu zile zile, akawatenga wanaume wasiomaliza sekondari na wasio na asili ya Kihispania, na mwaka 2017 akachapisha kwamba mshahara wa kundi hilo uliporomoka kwa kati ya asilimia 10 na 30. Wakamjibu kwamba waliohojiwa katika kundi lake walikuwa wachache mno, na kwamba miaka ile ile takwimu zilianza kuwafikia zaidi wanaume Weusi, ambao walikuwa wakilipwa kidogo tangu awali. Wastani ukashuka bila mtu kukatwa senti. Ugomvi huo haujaisha. Taasisi za taifa za sayansi za Marekani zilipokusanya tafiti nyingi mwaka 2016 zilifikia hivi: kwa muda mrefu athari kwa mishahara kwa ujumla ni ndogo sana, na pale inapoonekana, wanaoumia kwanza ni wahamiaji waliotangulia, halafu wazawa wasiomaliza sekondari.

Nondo

Umeona? Umesema kwa kinywa chako. "Kwa ujumla." Mimi siishi kwenye ujumla, naishi kwenye kundi hilo la mwisho ulilolitaja haraka haraka ukapita. Na mimi sekondari sikumaliza.

Mpwa wangu yuko chuo, kanitumia ya Benki Kuu ya Uingereza ya mwaka 2015. Kwenye huduma zisizohitaji ujuzi mkubwa, wahamiaji wakiongezeka, ujira unashuka kwa karibu asilimia 2. Hiyo nayo mtasema sampuli ndogo?

Mizani

Hiyo naikubali, lakini isome yote. Ni karibu asilimia 2 pale sehemu ya wahamiaji katika kazi hizo inapopanda kwa pointi 10 za asilimia, na hilo ni ongezeko kubwa. Siyo kila anayeshuka kwenye basi anakukata asilimia 2. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba mtu wa chini hana asilimia 2 ya kuchezea.

Mtu wa Ndoo

Kaka Nondo, mimi ni mmoja wa wale wa getini. Ndoo ninayokalia ndimo ninamobebea mwiko, pimamaji na nguo za kubadilisha. Naomba nieleze kwa nini nakubali bei ndogo, kwa sababu nimesoma hapa tangu juu na kila mtu anaeleza isipokuwa sisi.

Kwanza nilikuja na deni la wakala. Kabla sijabeba mfuko wa kwanza wa saruji nilikuwa nadaiwa mishahara ya miezi kadhaa. Pili, kibali changu cha kazi kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Nikimwacha yeye nimeiacha na nchi. Tatu, pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya nyapara, "kwa usalama".

Siku moja ya malipo nilipewa bahasha ambayo juu yake kiasi kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, kikafutwa, kikaandikwa kingine. Cha zamani kilionekana ukikigeuzia mwanga. Nikamwonyesha nyapara. Hakunijibu. Alivuta droo, akatoa nakala ya kibali changu, akailaza mezani kando ya bahasha, akainyoosha kwa kiganja, kisha akaendelea kuita majina. Nikachukua bahasha nikaondoka.

Sasa niambie, pale ungepatana bei vipi?

Mizani

Aliyoyasema huyu ndugu yana ushahidi. Katika Falme za Kiarabu, mfanyakazi wa nje alikuwa hawezi kuhamia kwa mwajiri mwingine mkataba ukiisha bila idhini ya yule wa kwanza. Mwaka 2011 sharti hilo likaondolewa. Wachumi walifuatilia malipo kabla na baada: mikataba ilipoisha, mapato ya waliokuwa pale tayari yalipanda kwa takriban asilimia 10, na wengi wao walibaki kwa waajiri wale wale. Ona hilo vizuri. Hawakuhama. Kule kuweza kuhama tu kulimfanya bosi aongeze.

Mkongwe

Nimekaa kwenye chama miaka mingi kuliko wengi wenu, kwa hiyo nitasema jambo lisilopendeza. Vyama vyetu vina historia chafu katika suala hili, tena si kwa kukosa sababu. Marekani ilipopitisha sheria ya 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina, viongozi wa wafanyakazi waliishangilia. Samuel Gompers, aliyeliongoza shirikisho lao kwa miongo, aliitetea hadi uzeeni, ilhali yeye mwenyewe alizaliwa London na kuletwa Marekani akiwa mtoto. Cesar Chavez, kiongozi wa chama cha vibarua wa mashamba, mtoto wa familia ya Kimexico, aliupiga vita mpango wa Bracero, ule wa kuleta vibarua wa mashamba kutoka Mexico kwa mikataba, na mwaka 1974 chama chake kiliendesha kampeni ya kuwaripoti wasio na vibali kwa maofisa wa uhamiaji. Hakuwa mbaguzi. Alikuwa na mgomo, na wakulima wakubwa walikuwa wanauvunja kwa kuleta watu usiku kwa malori. Aliyewahi kusimama kwenye mstari wa mgomo akaona lori likipita na watu wamejifunika maturubai hawezi kuhubiriwa undugu siku hiyo.

Kwa hiyo Katibu, usimwite Nondo mchoyo. Mvunja mgomo ni mvunja mgomo hata akiwa na njaa.

Bi Mgomo

Shikamoo Mkongwe. Heshima yako ipo palepale, ila umeanza hadithi ya Chavez katikati. Mgomo wa mashamba ya zabibu wa Delano, California, ulianzishwa na Wafilipino, tarehe 8 Septemba 1965, Larry Itliong akiwa miongoni mwa viongozi. Mchezo wa wenye mashamba ulikuwa unajulikana: Wafilipino wakigoma unaleta Wamexico, Wamexico wakigoma unaleta Wafilipino. Siku nane baadaye chama cha Chavez kikajiunga nao, na mchezo ule ukakosa mchezaji. Ilichukua miaka mitano, lakini mwaka 1970 wenye mashamba walisaini. Wageni wale wale waliokuwa wakitumiwa kuvunja migomo ndio walioushinda mmoja mkubwa.

Na hiyo Bracero yenyewe. Marekani iliwaingiza vibarua wa mashamba kutoka Mexico kwa mikataba kuanzia 1942 hadi 1964, kisha ikafunga mlango. Nondo, hii ni hali unayoitamani: wageni karibu nusu milioni wa kila msimu wanaondolewa kwa sheria. Mishahara ya mashambani ilipanda? Waliokuja kupima baadaye hawakuona tofauti kati ya majimbo yaliyokuwa na vibarua hao wengi na yale yaliyokuwa nao wachache. Wenye mashamba walileta mashine. Nyanya za California, zilizokuwa zikichumwa kwa mkono, zikaanza kuvunwa kwa mitambo ndani ya miaka michache. Mizani, nyanya zako hizo.

Ila mfano ninaoutaka Katibu aubebe mkutanoni ni wa wasafishaji wa maofisi Los Angeles. Zamani walikuwa na chama imara, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi, na malipo yenye heshima. Miaka ya 1980 wenye majengo wakaacha kuajiri moja kwa moja, kazi wakaikabidhi kwa wakandarasi wasiotambua chama. Mshahara ukaanguka, bima ikafutwa, wazawa wakaondoka, na nafasi zao zikajazwa na watu kutoka Mexico, El Salvador na Guatemala. Ukitazama juu juu utasema wageni ndio walioshusha mshahara. Fuata tarehe utaona ulianza kuvunjwa na karatasi ya mkandarasi, mgeni akakuta sakafu imeshapasuka. Halafu watu hao hao, wengi bila vibali, waligoma mwaka 1990. Tarehe 15 Juni polisi waliwapiga mchana kweupe pale Century City, kamera zikiona. Muda si mrefu wakapata mkataba, na chama kikafufuka. Waliokifufua ndio wale ambao kila mtu alisema hawawezi kuandaliwa kwa sababu wanaogopa kurudishwa kwao.

Nondo

Dada, nimekusoma yote, na hiyo ya karatasi ya mkandarasi imenigusa, kwa sababu hata kwetu tulianza kupewa "mkandarasi mdogo" kabla ya watu wa ndoo kujaa. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Lakini swali langu liko palepale. Delano miaka mitano. Nitakula nini hiyo miaka mitano? Na sheria je? Kulikuwa na kesi ya Laval: kampuni ya Latvia ilipeleka watu wake kujenga shule Vaxholm, Sweden, chama kikaizuia kazi kikitaka mkataba wa kule, na mwaka 2007 mahakama ya Ulaya ikasema chama ndicho kilichokosea. Chama chenye nguvu kuliko chetu mara mia! Hata mkiwaandikisha hawa, atakayewalinda ni nani?

Mizani

Ni kweli, na kuna baya zaidi. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mfanyakazi asiye na kibali akifukuzwa kwa sababu ya kuunga mkono chama hawezi kulipwa mshahara wa muda aliopoteza, hata kama kumfukuza kulivunja sheria. Piga hesabu kama mwajiri: nani ni rahisi kumfukuza? Nani basi utapenda kumwajiri? Sheria iliyotungwa kumzuia mgeni inamfanya awe bidhaa tamu zaidi. Kwa Ulaya, kanuni ilibadilishwa mwaka 2018 ili anayepelekwa nchi nyingine alipwe kama wenyeji wa kazi ile. Ilichukua zaidi ya miaka kumi baada ya kesi unayoitaja, sikatai.

Mkongwe

Hata shirikisho la Gompers liligeuka. Februari 2000 viongozi wa AFL-CIO, ndilo jina lake la sasa, walitaka wasio na vibali wahalalishwe na zile adhabu za sheria ya 1986 kwa waajiri wanaoajiri wasio na vibali zifutwe, kwa sababu waliona waajiri wakizitumia kama fimbo ya kuwatishia wafanyakazi wakati wa kuandikisha wanachama. Sikusema vyama havijifunzi. Nilisema vinajifunza kwa maumivu.

Katibu wa Tawi

Nimeandika upya hoja, nionyesheni matundu. Moja: kazi moja, kiwango kimoja, awe ameajiriwa na kampuni au na mkandarasi mdogo, hilo liwe dai la kwanza kwenye mazungumzo, na bila hilo hatusaini. Mbili: vibarua wa wakala wapokelewe kwa ada ile ile na kura ile ile. Tatu: nyapara akishika pasipoti ya mtu, ni mgogoro wa tawi zima, si wake peke yake.

Nondo

Ukianza kusoma la pili nitapiga hapana, na wenzangu wengi pia. Ukianza na la kwanza, likapita, la pili nitaliunga mkono. La tatu sina neno, hiyo ni wizi tu.

Bi Mgomo

Nondo, ukishinda la kwanza bila wao kuwemo, siku ya kugoma nani atabaki ndani anafunga nondo?

Nondo

Ndiyo maana nimesema nitaliunga mkono. Mpangilio tu, dada.

Mtu wa Ndoo

Katibu, mkutano ni saa ngapi? Asiye mwanachama anaruhusiwa kukaa nyuma asikilize?

Katibu wa Tawi

Anaruhusiwa. Saa kumi na moja jioni.

Mtu wa Ndoo

Sisi tunaachiwa saa moja usiku.

Katibu wa Tawi

Mikutano yote tumeifanya saa kumi na moja, tangu niingie. Ngoja nipige simu kwa mwenyekiti.